Kaburi la Mama Halifungwi

Uholanzi,
12 Oktoba 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Vipi presha, vipi macho, vipi shangazi Bernadeta na mdomo wake? Mimi nipo, sijambo, baridi ndiyo inaanza kutubana. Najua utasema mtoto gani huyu, anakaa tangu Februari bila kuandika wala kupokea simu. Sema tu, baba. Jibu langu ninalo.

Kuna mtu alinitumia video ya mazishi ya mama. Nikamwona kaka Revocatus amesimama mbele ya watu, kipaza sauti mkononi, anasema: "Ambaye leo hakutupa udongo kwa mkono wake, asije kesho kutuambia kwamba hapa kuna mama yake." Hakutaja jina. Alihitaji kutaja? Watoto tuko wawili. Tangu siku hiyo ikilia simu ya nyumbani naiacha ilie mpaka ikatike.

Wewe unajua kwa nini sikuja, maana wewe ndiye uliyenikataza. Kibali changu cha kuishi huku kilikuwa kimeisha na kipya hakijatoka. Ningetoka, nisingeruhusiwa kurudi. Nilikutii. Sasa shangazi ananiambia kaka amenunua marumaru Mwanza, na misa ya mwaka ikifika kaburi linafunikwa lote, kichwani mpaka miguuni, saruji na marumaru juu yake. Baba, mimi sijatupa udongo wangu. Wakishafunika, siku nikija nitautupa juu ya nini? Juu ya marumaru, kama mtu anayechafua sakafu ya watu? Nakuomba, na siombi kwa upole: wasifunge.

Na ili usisimame mbele yao mikono mitupu, nakutumia kwa Sista Malimi, anayerudi huko mwezi huu, hivi vitunguu. Si vya kula! Mwambie shangazi mapema. Ni vya maua, yanaitwa tulipu. Ghalani kwetu kutwa nachambua hivi, kibovu huku, kizima huku, na hivi nimekuchagulia mwenyewe. Uvipande juu ya mama kwa niaba yangu. Penye ua langu hapawekwi marumaru.

Shida ni moja. Huku vinafukiwa ardhini kabla ya baridi kali, vinalala miezi, joto likirudi vinachanua. Visipopata baridi havitoi ua, na Ukerewe baridi hiyo haipo hata uitafute kwa tochi. Kwa hiyo viweke kwenye friji, si kule kwenye kugandisha, vikae miezi mitatu na zaidi, ndipo upande. Na usichanganye na matunda yaliyoiva. Tunda likiiva linatoa hewa inayoua ua humo ndani ya kitunguu kabla halijazaliwa.

Mwanao,
Winnie


Nansio, Ukerewe,
10 Novemba 2024

Mwanangu Winnie,

Marahaba, mama. Tumsifu Yesu Kristo. Presha ipo, inanisikiliza kuliko watoto wangu. Macho yanafifia. Shangazi yako ni mzima, na mdomo ni mzima zaidi. Naandika kwa mkono, Rebeka wa stationari atapiga picha akutumie, kwa sababu kwenye simu maneno yangu yanakatika katikati na mimi sipendi kukatwa.

Kwanza nikugombeze. Kununa muda wote huo! Umerithi kwa mama yako, ambaye aliwahi kuninunia mwezi mzima kwa sababu ya bata. Haya, nimekugombeza, yamekwisha.

Vitunguu vimefika. Sista Malimi alivipakata kivukoni njia nzima, hakutaka hata kuviweka chini. Friji ninalo moja, lile la soda la dukani. Nimetoa soda zote nikazipanga sakafuni, nikaweka vitunguu vyako kwenye treya mbili, moja juu, moja chini. Sasa hapa jua linawaka, mtu anaingia anahema: "Mzee Venant, nipe soda ya baridi." Namwambia zipo za moto. Anachungulia friji. "Mzee, soda ziko nje, vitunguu viko ndani?" Namuuliza, friji ni la nani? Wateja wamehamia kwa jirani. Waende tu, sijamfunga mtu kamba.

Sasa kaka yako. Nilimwita Jumapili baada ya misa, shangazi yako akiwepo. Nikamwambia marumaru zako zipange stoo, kaburi la mke wangu halifungwi mpaka Winnie atupe udongo wake. Akasema, "Baba, watu wanatucheka, kaburi la mama limekaa kama tuta la viazi." Nikamwambia wacheke, meno ni yao. Akasema maua hayo ni mambo ya Wazungu. Nikamuuliza na marumaru zake zimechimbwa wapi, Misungwi? Nikarudia tena lile nililolisema siku ya mazishi, akanifunika kwa kipaza sauti chake: mimi Venant ndiye niliyemwambia Winnie asije. Na mama yenu mwenyewe, akiwa kitandani, alisema mtoto asipoteze alichokihangaikia. Mwenye hasira aje kwangu.

Ila usidhani kaka yako ni mtu mbaya. Yeye ndiye aliyembeba mama yenu mgongoni kutoka chumbani mpaka kwenye gari, akavuka naye kwenda hospitali Mwanza, akalala sakafuni chini ya kitanda chake mpaka mwisho. Amechoka na amekasirika, na hasira imekuangukia wewe kwa kuwa uko mbali. Namwelewa. Lakini kumwelewa ni kitu kimoja, na kumwachia kaburi ni kitu kingine.

Kula vizuri. Vaa soksi.

Baba yako,
Venant


Uholanzi,
5 Januari 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Pole na macho. Huku theluji imeanguka, mimi nimeshiba na soksi nimevaa mbili mbili. Barua yako niliisoma kwenye treni. Soda nje, vitunguu ndani! Nilicheka peke yangu mpaka mama mmoja akahama kiti.

Kaka alinipigia siku ya Krismasi. Nilipokea kwa heshima yako. Akaniambia, "Wewe unaleta maua, sisi tulileta jeneza." Nikamwambia, kaka, siku mnazika mimi nililia nimejifungia kwenye bafu la watu, hakuna aliyenishika mkono, kwa hiyo usinipimie uchungu. Nikakata simu. Sijutii hata kidogo.

Kibali bado. Wakili anasema subiri, usitoke. Hilo neno subiri nimelichoka mpaka basi. Vitunguu vikianza kutoa ncha usishtuke, ndiyo dalili nzuri. Na hayo macho usiyachezee, nenda Mwanza.

Mwanao,
Winnie


Nansio,
22 Januari 2025

Mwanangu Winnie,

Marahaba. Sisi hatujambo, ila hapa yametokea makubwa, kaa chini usome.

Umeme ulikatika, ukakaa huko ulikokwenda. Nikaona vitunguu vitaoza. Nikachukua ndoo nikaenda mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, nikanunua barafu. Vijana wa pale wakaniuliza, "Mzee, umepata sangara?" Nikasema hapana, nina vitunguu. Wakatazamana. Umeme uliporudi, mji mzima ulikuwa unajua kwamba Mzee Venant anapoza dawa ya kwenda kufukia kaburini. Mwingine, tena mtu mzima wa kanisani, alikuja kuninong'oneza nimgawie kidogo, ana kesi. Nimemfukuza na ufagio.

La pili ndilo lililoniuma. Jana nafungua friji nakuta mapapai, yameiva yananukia, yamekaa juu ya treya ya chini raha mustarehe. Nikaita, "Bernadeta!" Akaja anajifuta mikono. "Kwani kuna nini? Friji limekaa wazi, nikaona nihifadhi." Tangu lini? Tangu umeme uliporudi, wiki nzima, maana mimi silifungui ovyo baridi isitoke. Winnie, nilipiga kelele mpaka mbuzi wa jirani wakakimbia. Naye akanijibu kwamba hajawahi kuona kitunguu kinachoogopa papai. Treya ya juu ilikuwa mbali kidogo, labda imepona.

Wiki ijayo navuka kwenda Mwanza kufanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho. Nitakaa Butimba kwa binamu yangu Luhende. Nitarudi kabla ya misa ya mwaka ya mama yenu, katikati ya Februari. Revocatus tumekubaliana: misa itasomwa, watu watakula, marumaru hazitaguswa. Ameniahidi ananitazama usoni, basi nimemwamini.

Baba yako,
Venant


Uholanzi,
17 Februari 2025

Baba,

Shikamoo. Leo siulizi hali, utanisamehe.

Kaka ameweka picha kwenye grupu la familia. Kaburi la mama limefunikwa lote, marumaru nyeupe kila upande, msalaba umepakwa rangi ya dhahabu. Yeye kasimama pembeni na wageni wake kutoka Mwanza, wamevaa suti. Chini ameandika, "Mama sasa amepumzika." Kwani kabla ya hapo alikuwa anafanya nini?

Wewe humo kwenye picha hupo. Simu yako imezimwa. Shangazi anapokea, analia, anakata.

Nilivumilia kutomzika mama kwa sababu uliniambia utamkuta, mwanangu, hatahama. Nitamkuta wapi sasa, baba? Nitapiga hodi kwenye marumaru? Vitunguu vitupe. Wape mbuzi.

Winnie


Nansio,
4 Machi 2025

Mwanangu Winnie,

Marahaba, ingawa salamu yako ilikuwa kavu. Una haki. Jicho moja sasa linaona mpaka vumbi ambalo sikujua kama lipo dukani.

Operesheni waliisogeza mbele. Misa ikanikuta Butimba nimefungwa bandeji, simu imezimwa kwa amri ya daktari: usisome, usiiname, usinyanyue kitu, usikasirike. Picha sikuziona. Nilishuka kivukoni na miwani yangu myeusi, moyo mweupe kabisa, nakwenda kumsalimia mama yenu. Nikaliona kaburi toka mbali, linameta katikati ya michungwa yetu kama bafu la hoteli.

Niliingia stoo nikachukua nyundo na patasi. Mimi nimefungua injini za mitumbwi ujana wangu wote, sivunji ovyo. Nikapima pale kifuani pake, nikachora mraba kwa chaki ya dukani, nikaanza kugonga. Hapo ndipo shangazi yako alipotoka na yowe: "Jamani njooni, Venant anamfukua mkewe!" Watu wakajaa uani. Hakuna aliyethubutu kunisogelea, na nadhani ile habari ya dawa ilinisaidia.

Revocatus akaletwa na bodaboda. Akasema, "Baba, unanidhalilisha." Nikamwambia uliniahidi. Akasema, "Niliahidi kwa sababu ulikuwa unakwenda kupasuliwa, nisikupandishe presha. Baba, Winnie harudi. Unamngoja mtu asiyerudi, na mama amekaa kwenye udongo mwaka mzima kama hakuzaa." Akalia, Winnie. Mtu mzima, mbele ya watu. Iliniuma sana, sitakuficha. Nikamwambia amezaa wawili, na mmoja bado zamu yake. Nikaendelea kugonga.

Wakamwita padri. Padri akaja, akatazama, akaniuliza kama nimegusa jeneza. Nikasema hata udongo wenyewe bado sijaufikia vizuri. Akasema basi hii ni kazi ya uashi, kanisa halina neno. Akaomba kitu cha kunywa. Nikamwambia zipo soda za moto.

Vitunguu sikuvitupa, mbuzi hawajui thamani yake. Nimevipanda vyote, treya zote mbili, vilishaanza kutoa ncha. Daktari akiniuliza kuhusu kuinama nitamwambia nilipiga magoti.

Baba yako,
Venant


Nansio,
14 Aprili 2025

Mwanangu Winnie,

Salamu nyingi. Hujajibu, na mimi naandika hivyo hivyo, hutanishinda kwa kununa. Mvua zinanyesha vizuri. Jicho zima, shangazi mzima.

Yamechanua! Yale yaliyolala na papai yametoa majani ya kupendeza, lakini ukifunua katikati unakuta ua limekauka kabla ya kutoka, kama ulivyosema. Shangazi yako aliyatazama, akaondoka bila neno, mara ya kwanza tangu nimfahamu. Ila treya ya juu imetoa maua mekundu. Hayana shingo ndefu kama ya huko kwenu, yamechanua yamechuchumaa. Jua likipanda yanafunguka mpaka unaona tumboni, jioni yanafumba. Watu wanatoka mpaka Bukindo kuja kuyaona, na Bernadeta anawaeleza habari za friji utadhani yeye ndiye aliyevilea.

Kaka yako alikuja. Alichuchumaa pale muda mrefu, akatoa jani lililonyauka, akalitia mfukoni. Nikadhani yamekwisha. Akasimama akasema, "Ni mazuri, baba. Yakiisha narudishia marumaru."

Na si yeye peke yake. Ukoo umekaa Jumamosi, baba zako wadogo wote, Maige akiwa mwenyekiti. Wamesema hoja ya mzee ilikuwa maua, na maua yanaanguka. Pasaka ikipita na mwezi ukiisha, fundi anakuja kuziba. Nikawaambia hoja yangu haikuwa maua hata siku moja, hoja yangu ni Winnie. Maige akaniuliza, "Na Winnie yuko wapi?" Nilikosa la kumwonyesha.

Lakini sijashindwa. Nimeweka kiti pale kaburini, na chai naletewa hapo. Fundi akija atamkuta mzee mwenye jicho jipya na nyundo ya zamani. Na wewe usije ukafanya wazimu. Usije bila kibali. Nilikukataza mwaka jana na nakukataza tena. Mimi nitakaa hapa.

Baba yako,
Venant


Uholanzi,
26 Aprili 2025

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Pole kwa kukaa kitini na mvua zote hizo. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa naona aibu. Wewe unapasua saruji na jicho bichi, mimi nimekuandikia barua ya kukuambia uwape mbuzi.

Picha za maua Rebeka alinitumia. Nimezionyesha kazini, wakashangaa, wakasema haiwezekani, joto lote hilo. Nikawaambia hamumjui baba yangu. Sasa yang'oe, baba. Huko kwetu hayatachanua mara ya pili, joto linayamaliza kwa msimu mmoja, na mimi nilijua hivyo tangu nayatuma. Nilitaka yashike nafasi tu.

Maige ameuliza Winnie yuko wapi. Ameuliza vizuri. Na kaka ana haki ya kulia, maana kila mnapogombana huko mimi ndiye ninayesababisha, na mimi ndiye nisiyekuwepo. Juzi nilikwenda kwa wakili nikamwambia natoka. Akasema, "Ukitoka sasa, faili lako linafungwa." Nikamwambia lifungwe. Afadhali lifungwe faili. Akaniuliza kama nimefikiri vizuri. Nimefikiri mwaka mzima na miezi, baba, sina tena cha kufikiri. Mikono ninayo, kazi naijua, na Mwanza si jangwa.

Umenikataza mara mbili. Mara ya kwanza nilikutii na sikulala. Mara hii sikutii. Nigombeze tukionana, nitasimama nisikilize mpaka umalize.

Natua Mwanza Jumamosi ijayo, navuka na kivuko cha kwanza kitakachonipa nafasi. Usitume mtu kunipokea. Nitatoka bandarini moja kwa moja mpaka kwa mama, kabla ya salamu, kabla ya chai ya shangazi. Mwambie kaka awepo. Lile aliloliongea kwenye kipaza sauti aje aniambie pale, ananitazama, mikono yangu ina udongo. Nami nina la kumwambia: asante kwa kumbeba mama.

Na fundi mtu asimfukuze. Aje na saruji yake, akae kivulini angoje. Nikishautupa udongo wangu, ndoo nitamshikia mwenyewe.

Barua hii usiijibu, haitanikuta.

Mwanao,
Winnie